Uso wa Marehemu Admasu

Tewabech alikuwa anakaanga buni kwenye banda lake, karibu na taa za barabarani za Lideta, jijini Addis, alipomwona mumewe amesimama kwenye taa nyekundu ndani ya kigari cheupe. Admasu alizikwa kabla ya sikukuu ya Msalaba, na sasa hata Pasaka ilikuwa imeshapita. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine ameuning'iniza nje ya dirisha, tabia ambayo Admasu hakuwahi kuwa nayo. Taa ikawaka kijani, gari likaondoka. Tewabech akarudi kwenye kikaango chake. Buni zilikuwa zimeanza kuungua upande mmoja, akazigeuza.

"Umemwona?" aliuliza Birru, mzee ambaye stendi nzima ilimwita Gashe kwa heshima. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko akisubiri kahawa. Lada yake ya bluu na nyeupe ilikuwa ya mbele kwenye foleni ya teksi, na ilikuwa ya mbele tangu asubuhi.

"Nimemwona."

"Jana alipita na gari la kijivu. Nikampigia honi. Hata kugeuka hakugeuka."

"Labda hakukusikia, Gashe."

"Admasu? Asiisikie honi yangu?" Birru akatikisa kichwa. "Huyo si Admasu, mama. Huyo amemvaa Admasu."

Kila mtu pale stendi alijua ilivyoanza.

Admasu aliendesha Lada tangu ujana wake, na banda la kahawa la mkewe lilikuwa pale pale alipoegesha. Kisha zikaja teksi za simu. Abiria akawa anabonyeza simu yake akiwa kitandani, gari linamfuata mlangoni, na nauli anaijua kabla hajavaa viatu. Lada zikabaki zimepangwa juani kama mbuzi siku ya mnada. Ukaguzi wa magari ulipofika, Lada ya Admasu ilikataliwa kwa sababu viti vya nyuma havikuwa na mikanda. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja kuikata uani kwake, na Admasu mwenyewe aliwashikia mlango wasiumie.

Baadaye yeye na mdogo wake Kifle walinunua kigari cheupe, na Admasu akajiandikisha kwenye kampuni ya teksi za simu. Abiria walimpenda. Alikuwa haongei kama hujamsemesha, na mvua ikinyesha alikuwa anamsogeza mtu mpaka kwenye kizingiti. Waliendelea kumpa nyota tano kwenye simu mpaka siku moyo wake uliposimama, nyumbani, akiwa anavua soksi.

Baada ya mazishi, Kifle alibaki na gari na simu. Kila asubuhi, kabla ya kumpa dereva kazi, kampuni ilitaka aweke uso wake mbele ya simu. Kanuni hiyo ilitoka ofisi ya usafiri ya jiji baada ya malalamiko mengi, ili abiria awe na uhakika wa mtu anayembeba. Kifle mwenyewe aliwahi kukataliwa na kampuni kwa kesi ya kugonga mtu, kwa hiyo alitumia akaunti ya marehemu kaka yake. Akaweka uso wake mbele ya simu. Simu ikakataa. Kesho yake akauweka tena, ikakataa tena. Kifle alikuwa mtu wa subira panapokuwa na faida, akaendelea hivyo kila asubuhi mpaka arobaini ya marehemu ikapita. Simu haikubadilika. Uso ndio uliobadilika. Alhamisi moja Kifle aliamka na paji pana la kaka yake, nyusi ya kushoto iliyopasuliwa zamani na boneti ya Lada, na pengo la meno ya chini. Akauinua uso ule mbele ya simu. Simu ikaandika: Karibu kazini, Admasu.

Mama yao, bikizee aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma, alipomwona alimwambia aache kurudi nyumbani amechelewa, mkewe anamsubiri.

Kifle akaona kuna riziki pale. Fundi mmoja wa simu kule Merkato alimsaidia kuiweka akaunti ile kwenye simu nyingine, kisha nyingine tena, kila moja na namba ya gari lake. Akaanza kuikodisha kwa wanaume waliokuwa wanatafuta kazi mjini. Mmoja hakuwa na leseni. Mwingine alinyang'anywa yake kule Adama kwa kuendesha akiwa amelewa. Mwingine, aliyeitwa Dagne, alikuwa mkulima kutoka karibu na Debre Birhan aliyejifunzia kuendesha kwenye trekta. Wote walipata uso wa Admasu ndani ya wiki moja hivi. Wenye ndevu ndio waliochelewa kidogo, maana ilibidi ndevu zianguke kwanza.

Tewabech hakulalamika. Ukweli ni kwamba alifarijika. Wajane wengine wana picha ukutani, yeye mumewe alikuwa anapita barabarani mchana kutwa, mara kwenye gari jeupe, mara kwenye la rangi ya fedha. Baadhi yao walisimama kunywa kahawa kwake. Dagne alikuwa anakuja karibu kila siku. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya shamba, ya kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde, lakini alipoinama kupuliza kikombe, paji lilikuwa la Admasu, na Tewabech alikuwa anajikuta anamwongezea bisi kwenye sahani bila kuulizwa.

"Samahani, Etiye," Dagne alimwambia siku moja, kwa heshima anayopewa dada mkubwa, akijigusa shavu. "Najua ni wa mtu."

"Kunywa, mwanangu. Usiupeleke tu mahali pabaya."

Mvua kubwa zilipoanza, akaja dada mmoja pale stendi. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Alikuwa na karatasi yenye picha, anamwonyesha kila dereva wa Lada. Madereva walikuwa wanaitazama, halafu wanatazama pembeni. Gashe Birru ndiye aliyemchukua na kumleta bandani.

"Muulize huyu," akasema. "Ni wake."

Dada yule aliitwa Fikirte. Alikuwa anatia nakshi kwenye nguo za harusi kule Shiro Meda, zile pindo za rangi ambazo watu humtambua mshonaji kwa kuziangalia tu. Alikaa kwenye kigoda, akaweka picha juu ya paja. Picha ilikuwa ya Admasu, amevaa shati la bluu ambalo Tewabech mwenyewe alilipiga pasi siku ile ya kujiandikisha.

"Jumapili mchana," Fikirte alisema. "Nilikuwa nampelekea bibi harusi nguo zake. Niliita gari, likaja. Nikafanya vile wanavyotufundisha. Nikaangalia namba, nikaangalia picha, nikaangalia uso. Ni yeye. Nikaingia."

Tewabech akaacha kumimina.

"Akapitiliza njia. Nikamwambia, kaka, umepita kona. Akanijibu, 'Tulia, dada, barabara naijua mimi.' Milango akaifunga kwa kitufe chake. Tulipofika kule juu kwenye mikaratusi akachukua mkoba, akachukua simu, akataka nguo. Nguo sikuziachia. Zilikuwa kazi ya miezi. Akafungua mlango akanisukuma gari likiwa linakwenda, na tairi la nyuma likanipita hapa." Akaunyanyua mkono kidogo. "Vidole havikunji. Daktari amesema visubiriwe. Lakini najua havitakunja."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Tewabech akaichukua picha.

"Huyu ni mume wangu," akasema. "Alishakufa."

Fikirte akaangalia nguo nyeusi za Tewabech, kisha uso wake.

"Pole sana, Etiye."

"Na wewe pole, mwanangu."

"Kwa hiyo aliyenisukuma ni nani?"

"Ni mmoja wao," alisema Tewabech, akanyoosha kidole barabarani. Kwenye taa walikuwa wamesimama Admasu wawili, mmoja nyuma ya mwingine, wakisubiri kijani.

Polisi hawakuwa wazembe. Waliwakusanya wote waliotumia akaunti ile, wakawapanga ukutani kwenye ua wa kituo. Walikuwa saba, na Kifle akiwamo. Tewabech aliitwa pia, kwa kuwa uso ulikuwa wa familia yake. Alisimama akiwatazama waume saba waliolowa manyunyu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitamani kuangalia chini.

"Mama, mumeo ni yupi?" ofisa akamuuliza.

"Hayupo."

"Dada, na wewe? Tuonyeshe mtu wako."

Fikirte alipita mbele yao polepole. Alirudi mwanzo, akapita tena.

"Ni uso huu," akasema.

"Upi?"

"Huu wote."

Ofisa akajikuna chini ya kofia. Akamweleza kwa upole kwamba kumtambua mtu ni kwa uso, na kwamba hawezi kuupeleka uso mahakamani bila mwenye uso.

"Basi waseme," Fikirte akaomba. "Kila mmoja aseme, 'Tulia, dada, barabara naijua mimi.' Sauti yake naijua. Nitaijua mpaka nife."

Ofisa akaona halina ubaya. Kifle akasema, haraka haraka, kama mtu anayetaka kwenda zake. Dagne akasema, sauti ikagonga kuta za ua mpaka askari wa getini akageuka. Wa tatu akasema, wa nne, wa tano. Wa sita, aliyekuwa amevaa koti la ngozi, hakusema. Alitazama mbele tu.

"Sema na wewe," ofisa akamwambia.

Hakusema. Wa saba akasema. Wakarudi kwa wa sita. Alikuwa amefunga mdomo wa Admasu, akalegeza macho ya Admasu, na ukimwangalia ungesema ni mtu mwema anayesikiliza mahubiri. Fikirte alimsogelea. Akamnyooshea mkono wenye plasta.

"Ni yeye," alisema. "Ndiye anayekataa."

"Huenda ni yeye," alisema ofisa. "Lakini kumlazimisha mtu aseme siruhusiwi, na kunyamaza si kosa. Samahani, dada."

Wakaachiwa. Yule wa sita aliingia garini mwake palepale nje ya kituo, akainua uso mbele ya simu, akapata abiria kabla hajafika barabara kuu.

Jioni ile Tewabech alimkuta Kifle anakula injera chumbani kwa mama yake. Bikizee alikuwa anamlisha tonge kwa mkono wake, akimwita Admasu.

"Yule mwenye koti la ngozi ni nani?" Tewabech akauliza.

"Jina lake silijui vizuri. Nimeletewa na mtu."

"Umempa uso wa kaka yako mtu usiyemjua jina?"

"Shemeji, mimi sikumpa mtu uso. Niliwapa akaunti." Kifle akafuta mdomo. "Na usinitazame hivyo. Mama anakula, kodi ya banda lako inalipwa. Kaka bado anatulisha."

"Kamtoe yule mtu."

"Nikimtoa ataongea. Akiongea, wote tutakwisha."

"Basi nitakwenda kuifunga mimi."

"Nenda," Kifle alisema bila hasira, akageuka kupokea tonge jingine.

Alianzia ofisi ya usafiri, akaongozana na Fikirte. Walipokewa na mama mmoja mstaarabu aliyewapa viti na kuwasikiliza mpaka mwisho. Akafungua kompyuta yake, akasoma, akaonekana kufurahishwa.

"Huyu dereva wenu ndiye anayefuata kanuni kuliko wote jijini," akasema. "Hakuna aliyehakikiwa uso mara nyingi kama yeye. Kuna siku amehakikiwa asubuhi ile ile Bole, Merkato na Kaliti."

"Kwa wakati mmoja," alisema Tewabech.

"Ndiyo, kwa wakati mmoja. Na kila mara amelingana." Akamgeukia Fikirte. "Dada yangu, ninaumia na wewe, kweli. Lakini kanuni inataka uso ulingane na picha. Ulilingana?"

"Ulilingana," Fikirte akajibu.

"Sasa mimi nimwandikie kosa gani?"

Kwenye kampuni walikuta foleni ya madereva na kijimti cha plastiki. Tewabech alisema amekuja kufunga akaunti ya mumewe aliyefariki. Msichana wa kaunta alimpa pole, akasema akaunti hufungwa na mwenyewe tu, kwa kuja yeye na uso wake, kwa usalama wa abiria.

Kesho yake Tewabech alirudi na Dagne. Dagne alikuwa amenyoa na kuvaa shati safi. Msichana alimwekea simu usoni, ikakubali.

"Karibu, Gashe Admasu. Unataka kutuacha? Una nyota nzuri sana."

"Nimekufa," alisema Dagne. Alikuwa amejitahidi kuishusha sauti, lakini watu wa foleni wote walisikia. Hakuna aliyegeuka.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Msalaba."

Msichana akaangalia kompyuta. "Lakini leo asubuhi ulimpeleka mtu uwanja wa ndege."

"Ndiyo, nilimpeleka."

"Na sasa hivi, ukiwa hapa, uko na abiria njia ya Megenagna."

"Huyo si mimi."

"Sura ni yako, Gashe." Msichana akamtazama kwa huruma ya kweli. "Akaunti yenye abiria ndani haifungiki mpaka abiria ashuke. Subirini pale kwenye benchi."

Wakasubiri. Abiria wa Megenagna alishuka, akapanda wa Kazanchis. Wa Kazanchis alishuka, akapanda mwingine, na mwingine, maana mvua ilikuwa inanyesha na watu wote wa Addis walitaka gari. Admasu hakukaa bila abiria hata dakika moja. Ofisi ilipofungwa, msichana alizima kompyuta, akawaambia wajaribu siku ambayo hakuna mvua. Ulikuwa mwanzo wa masika.

Dagne alimrudishia Kifle simu usiku uleule. Alipokuja kuaga pale bandani alikuwa ameshika mfuko wa nguo, anarudi shambani.

"Uso huu ukinitoka nitauleta," akasema.

"Hauletiki, mwanangu. Nenda tu."

Habari zikafika baadaye kwamba ulimtoka kidogo kidogo, wakati wa palizi, na kwamba nyusi ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kifle alipata mtu mwingine wa kuishika simu yake.

Kwa muda, Gashe Birru ndiye aliyekuwa anampeleka Fikirte hospitali kunyooshwa vidole. Hakutaka nauli. Lada yake ilivuja upande wa abiria, kwa hiyo Fikirte alikaa nyuma, na Birru alikuwa akimsimulia ajali zote ambazo hajawahi kuzipata. Tewabech aliwasindikiza mara nyingi, banda akiwaachia majirani. Plasta ilitolewa. Vidole viwili vilikunja. Vilivyobaki vilikaa wima kama vya mtu anayeagana. Fikirte alinunua sindano nene na kitambaa cha majaribio, akajaribu mkono wa kushoto. Pindo lilitoka limepinda. Akalifumua, akaanza upya.

Kisha ukaguzi ukafika Lideta. Lada ya Birru haikuwa na mikanda nyuma. Mkaguzi, kijana mwenye adabu, alimshika mzee mkono wakati anabandua kibao cha teksi.

"Ni kwa usalama wa abiria, Gashe."

"Abiria wangu yupi aliumia?"

"Hakuna. Ndiyo maana tunawahi."

Birru alikaa kwenye kigoda cha Tewabech mpaka kahawa ya tatu, ile nyepesi ya mwisho, akaiacha ikapoa.

Tangu hapo, siku za hospitali, wanawake wale wawili wakawa wanatembea. Kupanda mpaka kule ni mlima, na masika ya Addis hayana huruma, barabara inageuka mto wa matope mekundu. Walikwenda chini ya mwavuli mmoja, Tewabech upande wa barabarani, Fikirte upande wa ukuta na mkono wake ameufunika kwa ushungi.

Ilikuwa mchana, karibu na ukuta wa kanisa, kigari cheupe kilipopunguza mwendo kando yao. Kioo kikashuka. Admasu alikuwa ndani. Maji yalikuwa yanamwingilia kwenye bega na hakujali. Alifungua mlango wa nyuma kwa ndani, akausukuma, akawaonyesha kiti kikavu kwa kiganja, kwa upole uleule ambao Tewabech aliishi nao ndoa nzima.

"Asante, baba," alisema Tewabech. "Wewe ni nani?"

Dereva alitabasamu. Hakusema kitu.

Fikirte alisimama. Tewabech akautazama uso ule, paji, nyusi, pengo, akautazama vizuri kama mtu anayemwangalia mgonjwa bila kujua kama atamkuta tena. Kisha akaufunga ule mlango kwa mkono wake mwenyewe, akamshika Fikirte mkono ule mzima, wakaruka mtaro na kuendelea kupanda kwa njia ya miguu.

Gari likawafuata taratibu, sambamba nao, mpaka kwenye geti la kanisa. Hapo simu ya dereva ikalia. Akaiinua, akaiangalia kwa uso ule, ikakubali. Akawasha taa ya kuonyesha anageuka, akatazama kioo kama kanuni inavyotaka, akaenda kumchukua mtu.